Kupima kwa Chombo Kilichodhurika: Mfano wa Vihisi-Nuru vya Setilaiti Ndogo

Utangulizi

Wakati mmoja, tulipokuwa tukikagua mazoezi ya kufundisha, tuliketi nyuma ya Darasa la VI ambamo mwalimu mwanafunzi alikuwa akifundisha upimaji wa joto. Somo lilikuwa limeandaliwa vyema. Ndoo ya maji ilikuwa juu ya meza, vipimajoto vilikuwa sita, na watoto walikuwa wamegawanywa katika vikundi sita. Vikundi vitano vilisema nyuzi 27. Kikundi cha sita, kwa kinywa cha msichana aliyeshika kipimajoto chao, kilisema nyuzi 31. Mwalimu akamwambia, "Umesoma vibaya, tazama tena." Msichana akatazama tena, akasema 31. Mwalimu akatia alama ya kosa ubaoni, somo likaendelea.

Siku ya pili kikundi kile kilipewa kipimajoto kile kile. Safari hii msichana yule alichungulia daftari la jirani, akaandika 26 kama wenzake, naye akapata alama ya sahihi. Ni siku hiyo tu, baada ya kipindi, ndipo tulipokichukua kipimajoto chenyewe na kukitazama. Uzi wake mwekundu ulikuwa umekatika. Palikuwa na pengo tupu katikati, na sehemu iliyokuwa juu ya pengo ilikuwa imesukumwa juu kwa nyuzi 4. Msichana hakukosea. Alisema alichokiona, tena alikisema mara mbili. Nasi tuliokuwa nyuma ya darasa hatukuwa bora kuliko mwalimu, kwani katika daftari letu la ukaguzi siku ya kwanza tuliandika kwamba kikundi cha sita hakikuwa makini.

Kosa la nyuzi 4 ni dogo. Lakini katika siku mbili mtoto yule alijifunza jambo kubwa: kwamba usalama wa mwanafunzi wa sayansi umo katika kunakili. Tulijiuliza ni somo gani lingeweza kumwonyesha mwalimu, na kwa njia yake mtoto, kwamba chombo nacho huweza kudhurika huku kikiendelea kutoa majibu. Mfano tulioupata unatoka mbali sana, juu angani. Tumeuchagua kwa sababu moja: huko juu hakuna awezaye kwenda kukibadilisha chombo kilichodhurika. Wanaokitumia hawana budi kuujua ubovu wake, kuupima, na kuendelea na kazi. Utaratibu wao unaweza kutumika hata kwenye meza ya Darasa la VI.

Setilaiti Ndogo na Kazi Zake

Zamani setilaiti zilikuwa mali ya mataifa machache yenye uwezo mkubwa. Siku hizi ziko setilaiti ambazo mtu mmoja huweza kuzibeba mikononi. Nchi zetu za Afrika Mashariki nazo zimeingia katika kazi hiyo. Kenya ilipata 1KUNS-PF, iliyoachiliwa angani mwaka 2018, na baadaye Taifa-1, iliyorushwa mwaka 2023. Uganda ilipata PearlAfricaSat-1 mwaka 2022. Zote tatu zilibeba kamera, na kila kamera ya namna hiyo ina kihisi-nuru, yaani kijibamba kinachopokea nuru na kuigeuza kuwa hesabu.

Katika makala haya tutafuata hasa kikundi kimoja cha setilaiti ndogo kiitwacho BRITE, kilichoundwa kwa ushirikiano wa Austria, Kanada na Poland. Kila setilaiti ya kikundi hicho ni kama sanduku lenye upande wa sentimita 20, na uzito wake ni kilo 7 hivi. Ndani yake mna darubini ndogo ambayo kioo chake hupokea nuru kwa upana wa sentimita 3 tu. Kazi yake ni kupima jinsi nyota zing'aazo zinavyobadilisha mwanga wake, siku baada ya siku, kwa miezi mingi. Mbili za kwanza zilirushwa kutoka India tarehe 25 Februari 2013. Nyingine zilifuata mwaka huo huo na mwaka 2014. Setilaiti sita zilirushwa kwa jumla, lakini moja haikuachana na roketi yake, ikabakia kazi ya tano.

Setilaiti hizo huzunguka dunia katika kimo cha kilomita mia kadhaa, na kila mzunguko huchukua kama dakika 100. Ni sawa na kuizunguka dunia mara 14 kwa siku.

Kihisi-Nuru Hufanyaje Kazi?

Kihisi-nuru cha BRITE ni kijibamba cha silikoni kilichogawanywa katika vyumba vidogo sana, kama milioni 11. Aina hii ya kihisi ilibuniwa mwaka 1969 nchini Marekani na Willard Boyle na George Smith, ambao walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2009 kwa kazi hiyo. Utendaji wake waweza kuelezwa kwa hatua tatu.

Kwanza, nuru huangukia kijibamba na kuzibandua elektroni kutoka katika atomu za silikoni. Nuru ikiwa nyingi, elektroni zilizobanduka huwa nyingi. Ikiwa chache, nazo huwa chache. Pili, kila chumba hukusanya elektroni zake kwa muda uliowekwa, mathalani sekunde moja au chache. Tatu, muda ukiisha, mizigo ya elektroni huhamishwa. Kila chumba humpa jirani mzigo wake na kupokea wa jirani wa upande wa pili, hatua kwa hatua, hadi mizigo yote imefika ukingoni, ambako huhesabiwa mmoja mmoja.

Msomaji aishike vizuri hatua hii ya tatu. Mzigo wa chumba kilicho mbali hupita katika vyumba vingi kabla ya kuhesabiwa. Kwa hiyo chumba kimoja kibovu huweza kuharibu habari za vyumba vilivyo vizima.

Madhara Hutoka Wapi?

Nje ya hewa yetu kuna chembe ndogo mno zinazokwenda kwa kasi kubwa, hasa protoni na elektroni. Nyingine hutoka katika jua, na nyingine hutoka mbali zaidi. Nguvu ya sumaku ya dunia huzinasa nyingi na kuzifanya zizunguke katika mikanda miwili mikubwa. Mikanda hiyo huitwa kwa jina la James Van Allen wa Chuo Kikuu cha Iowa, aliyeitambua mwaka 1958.

Namna ilivyotambuliwa ni funzo kwa mwalimu. Setilaiti ya kwanza ya Marekani, Explorer 1, ilirushwa mwishoni mwa Januari 1958 ikiwa na kihesabio cha chembe kilichotayarishwa na Van Allen na wanafunzi wake. Setilaiti ilipopanda juu zaidi, kihesabio kilitoa sifuri. Ingekuwa rahisi kuandika kwamba huko juu hakuna chembe, au kwamba chombo kimekufa. Lakini walipokijaribu kihesabio cha namna ile maabarani kwa miali mikali, waliona kwamba chembe zikizidi kiasi hukishinda kuhesabu, nacho hunyamaza. Ile sifuri ilikuwa na maana ya "nyingi mno". Habari zaidi kutoka Explorer 3, iliyorushwa Machi mwaka huo, zilithibitisha jambo hilo. Hawakuifuta sifuri, wala hawakuiamini upesi. Waliuliza kwanza chombo chao hufanya nini kinapozidiwa.

Mikanda hiyo haiko sawasawa pande zote. Juu ya Brazili na Bahari ya Atlantiki ya Kusini, mkanda wa ndani huikaribia dunia zaidi, na setilaiti zinazopita hapo hunyeshewa protoni nyingi. Setilaiti ndogo haina kuta nene za kujikinga, kwani kila gramu ina gharama yake. Hivyo kihisi-nuru chake hupigwa kila siku.

Pigo moja huweza kuacha alama ya kupita tu: nukta yenye kung'aa katika picha moja, ambayo katika picha ifuatayo haipo. Hilo si tatizo kubwa. Tatizo ni madhara yanayobaki. Silikoni ya kihisi ni fuwele, yaani atomu zake zimejipanga kwa mpango maalum kama matofali ya ukuta mzuri. Protoni ikigonga atomu kwa nguvu huing'oa mahali pake, na pengo linabaki. Mapigo yakiendelea kwa miezi na miaka, mapengo huongezeka. Madhara yake ni ya namna tatu.

(a) Vyumba vinavyovuja. Penye pengo elektroni hubanduka kwa sababu ya joto tu, bila nuru yoyote. Chumba hicho huhesabiwa kuwa kimepata nuru hata gizani. Joto likiongezeka kwa nyuzi 7 au 8 hivi, uvujaji huweza kuwa maradufu. Darubini kubwa hupoza vihisi vyake, lakini setilaiti za BRITE hazina mtambo wa kupoza.

(b) Vyumba vinavyonasa. Mzigo wa elektroni unapopita, pengo hukamata baadhi na kuziachilia baadaye kidogo, wakati mzigo mwingine umekwisha fika. Nyota iliyokuwa nukta huonekana ina mkia.

(c) Vyumba vigeugeu. Vingine huvuja sana kwa muda, kisha hutulia, kisha huvuja tena. Hivi ndivyo vyenye taabu zaidi, maana leo haviko kama vilivyokuwa jana.

Ifahamike kwamba katika hali zote hizi kihisi hakinyamazi. Huendelea kutuma hesabu, na mhesabuji aliye ukingoni huhesabu bila kosa. Hesabu ni sahihi. Habari ndiyo iliyopotoka.

Kufanya Kazi na Chombo Kilichojeruhiwa

Haukupita muda mrefu baada ya setilaiti za kwanza za BRITE kurushwa mwaka 2013 kabla ya madhara haya kuonekana katika picha zake. Waliohusika walichukua hatua kadhaa. Baadhi ya setilaiti zilizofuata ziliongezewa kinga kuzunguka kihisi. Kwa zile zilizokwisha kuwa juu, walipunguza mwendo wa kuhamisha mizigo, ili pengo lililonasa elektroni lipate nafasi ya kuzirudisha kwa mzigo wenyewe kabla haujaondoka. Kisha walibuni njia ya kupiga picha mbili mbili, ambayo twaona ndiyo yenye manufaa zaidi kwa mwalimu.

Katika njia hiyo, setilaiti hupiga picha, halafu hugeuka kidogo sana na kupiga picha nyingine. Nyota huangukia vyumba vya upande mmoja katika picha ya kwanza, na vyumba vya upande wa pili katika picha ya pili. Lakini vyumba vinavyovuja havihami, kwa kuwa ubovu wao umo katika kihisi, haumo angani. Picha moja ikitolewa katika nyingine, ubovu hujifuta wenyewe na nyota hubaki.

Tuonyeshe kwa mfano wa ubaoni, ambao tumeutunga kwa ajili ya darasa. Chukua vyumba vinane. Uvujaji wake, chumba cha 1 hadi cha 8, ni huu: 2, 2, 15, 2, 3, 2, 9, 2. Nyota inaleta 20. Katika picha ya kwanza nyota iko chumba cha 3, na katika picha ya pili iko chumba cha 6.

Picha ya kwanza: 2, 2, 35, 2, 3, 2, 9, 2
Picha ya pili: 2, 2, 15, 2, 3, 22, 9, 2
Tofauti: 0, 0, 20, 0, 0, 20, 0, 0

Katika mstari wa tofauti tumetoa nambari ndogo katika kubwa, ili watoto wasiojua bado hesabu za chini ya sifuri waweze kufuata. Mtu aliyeiona picha ya kwanza peke yake angesema kuna nyota kubwa ya 35 na nyota ndogo ya 9. Mstari wa tofauti wasema nyota ni moja, nayo ni ya 20. Nyota ndogo haikuwapo kamwe.

Njia hii ina mipaka yake. Chumba cha 7 kikiwa kigeugeu, kikatoa 9 katika picha ya kwanza na 4 katika ya pili, tofauti itakuwa 5, na kwa mara nyingine tutaona nyota isiyokuwapo. Dawa yake ni kupiga picha nyingi, kukijua chumba kisichotulia, kukiandika, na kutokitegemea.

Matunda ya uvumilivu huo ni makubwa. Mwaka 2018 setilaiti za BRITE zilikuwa zikitazama eneo la anga la kusini wakati nyota moja, ambayo sasa huitwa V906 Carinae, ilipolipuka na kung'aa ghafula. Vipimo vyake, vilivyotangazwa pamoja na vingine mwaka 2020, vilisaidia kuonyesha kwamba sehemu kubwa ya mwanga wa mlipuko wa namna ile hutokana na mawimbi ya gesi yanayogongana. Habari hizo zilitoka katika vihisi vilivyokuwa vimekwisha pigwa kwa miaka. Vingetupwa siku ya kwanza vilipoonekana vina dosari, habari hizo zisingepatikana.

Somo la Darasani

Hatukusudii kuwafundisha watoto wa Darasa la VI habari za atomu na fuwele. Tunakusudia wajue kwa mikono yao kwamba chombo huweza kuwa na ubovu, na kwamba ubovu huweza kupimwa. Vipindi viwili vyatosha.

Zana: vikombe au makopo sita, maharage kama mia moja, vikaratasi vidogo vya kuandikia siri, ubao na chaki.

Hatua ya kwanza: Kihisi kizima. Wasimamishe watoto sita katika mstari, kila mmoja na kikombe. Wape nambari 1 hadi 6, wa kwanza akiwa karibu na meza. Mtoto wa saba ni mhesabuji, naye huketi mezani. Maharage ni nuru. Tia maharage 20 katika kikombe cha 4, vingine viache vitupu. Kila upigapo kofi, kila mtoto ampe jirani yake wa upande wa meza kikombe alichonacho, na wa kwanza ampe mhesabuji. Mhesabuji ataandika ubaoni: 0, 0, 0, 20, 0, 0. Rudia mpaka darasa zima lielewe.

Hatua ya pili: Chumba kinachovuja. Mpe mtoto wa 6 kikaratasi cha siri: "Kabla ya kofi la kwanza, tia maharage 5 yako katika kikombe chako." Mhesabuji ataandika: 0, 0, 0, 20, 0, 5. Uliza darasa, "Nuru imeanguka wapi?" Wengi watasema katika vikombe viwili. Usiwasahihishe. Sasa sema, "Tupige picha ya giza," usitie maharage popote, wala usimwondolee mtoto wa 6 agizo lake. Mhesabuji ataandika: 0, 0, 0, 0, 0, 5. Nyamaza kidogo. Aghalabu yuko mtoto atakayesema, "Mwalimu, hiyo 5 haitoki kwako." Mwache aeleze mwenyewe.

Hatua ya tatu: Chumba kinachonasa. Futa agizo la kwanza, kisha mpe mtoto wa 2 kikaratasi hiki: "Kikombe chenye maharage kikikufikia, shika maharage 3. Hesabu moja hadi tano kimoyomoyo, kisha yatie katika kikombe ulichonacho wakati huo." Tia 20 katika kikombe cha 4, piga makofi ya haraka. Mhesabuji ataandika: 0, 0, 0, 17, 3, 0. Waulize jumla ni ngapi. Ni 20, hakuna harage lililopotea, lakini nuru imepata mkia.

Hatua ya nne: Kupunguza mwendo. Rudia hatua ya tatu bila kubadili agizo, ila piga makofi polepole, ukihesabu hadi nane kati ya kofi na kofi. Mtoto wa 2 atakuwa amerudisha maharage katika kikombe kile kile kabla hakijaondoka. Mhesabuji ataandika 20. Ubovu upo, lakini umepatiwa njia.

Hatua ya tano: Picha mbili. Andika ubaoni mistari miwili ya vyumba vinane tuliyoitaja, bila kueleza kipi kinavuja. Wape watoto kazi ya kutafuta, wawili wawili, nyota iko wapi na ni ya kiasi gani. Wakikwama, waulize swali moja tu: "Kitu gani kimehama, na kitu gani hakikuhama?"

Hatua ya sita: Vyombo vyetu. Sasa lete vyombo vya darasa: mizani, rula, vipimajoto. Kila kikundi kikikague chombo chake kwa kukilinganisha na vingine juu ya kitu kimoja. Rula iliyolika mwanzoni huanzia wapi? Mizani isipowekwa kitu husoma nini? Majibu yaandikwe katika karatasi itakayobandikwa ukutani, ikionyesha jina la chombo na ubovu wake. Karatasi hiyo idumu mwaka mzima, na ikaguliwe tena kila muhula, kwani chombo huendelea kuzeeka.

Mambo ya Kuangaliwa

Kwanza, mwalimu asiwafanye watoto wenye vikaratasi waonekane kuwa wabaya. Mwisho wa kila hatua awataje na kuwashukuru kwa kuitunza siri. Tunachunguza chombo, hatutafuti mkosaji.

Pili, mfano wa vikombe una mipaka, na yafaa isemwe. Katika kihisi vyumba haviendi popote. Ni elektroni zinazohama. Tena mtoto hushika maharage kwa kuagizwa, bali pengo la fuwele halina nia wala akili.

Tatu, watoto watauliza kama chembe hizo za angani zinatudhuru sisi tulio chini. Wajibiwe kwamba hewa na nguvu ya sumaku ya dunia hutukinga kwa sehemu kubwa sana, na kwamba ndiyo sababu hakuna haja ya kuogopa.

Nne, asije mwalimu akafundisha kwamba kila kipimo ni cha mashaka na kwamba kila jibu ni sawa. La hasha! Kikundi kikitoa jibu lililo tofauti, tofauti hiyo ichunguzwe mpaka sababu yake ijulikane. Mara nyingi itakuwa ni jicho la mtoto lililokosea, na mtoto atalitambua kosa lake mwenyewe. Mara chache itakuwa ni chombo.

Hitimisho

Tumrudie msichana wa nyuzi 31. Ingetosha mwalimu achukue kipimajoto chake na cha jirani, avitie pamoja katika ndoo ile ile, awaulize watoto wanaona nini. Wangeona 31 na 27. Kisha angevitia katika maji ya moto kidogo, na pengine wangeona 44 na 40. Hapo watoto wenyewe wangesema: chombo hiki huzidisha 4. Kuanzia saa ile kipimajoto kibovu kingekuwa chombo cha kutumika, maana ubovu wake umejulikana, na msichana aliyekishika angekuwa ndiye mtu aliyeugundua.

Wale wanaotazama nyota kwa kijisanduku cha kilo 7 hawakupewa kihisi kizima. Walipewa kihisi kinachozidi kudhurika kila mwezi, nao hawakukificha wala hawakunakili majibu ya wengine. Shule nyingi tutakazopelekwa hazitakuwa na vyombo vizima. Zitakuwa na mizani iliyopinda na vipimajoto vilivyokatika uzi. Vyombo hivyo vyaweza kufundisha sayansi ya kweli, ilimradi mwalimu, kabla ya kutia alama ya kosa, akubali kunyanyuka mezani pake, aende akakitazame chombo.

Maswali ya Kujadiliana

1. Eleza tofauti kati ya chombo kilichokufa na chombo kilichodhurika. Kipi ni hatari zaidi kwa mpimaji, na kwa nini?
2. Katika hatua ya tatu, jumla ya maharage ilikuwa sahihi ingawa picha ilikuwa na kosa. Toa mfano mwingine, wa shambani au dukani, ambapo jumla sahihi huficha kosa.
3. Njia ya picha mbili hushindwa lini? Tunga mistari miwili ya nambari ya kuonyesha jambo hilo.
4. Andaa karatasi ya ukutani ya ubovu wa vyombo vitano vilivyomo katika chumba chenu cha sayansi.